Gama, mupiganaji wa mieleka aliyejengwa na udongo

Wakaaji wa Bukavu wamewajua Wapakistani kwa kofia ya bluu. Kwa miaka mingi waaskari wa Pakistani walitumika na MONUSCO katika Kivu ya Kusini, mpaka mwaka wa 2024, wakati kambi ya Kamanyola ilirudishwa katika mikono ya serikali na MONUSCO ikaondoka katika jimbo. Inchi ya waaskari wale inapenda kriketi, mchezo ambao hapa kwetu watu wachache sana wanauelewa. Lakini kuko jina moja la sport ambalo kule babu na mujukuu wake wanalijua pamoja, na hata ngambo ya mupaka, kwa Wahindi ambao wamepigana nao vita zaidi ya mara moja, jina hilo halina adui. Ni jina la Gama, mupiganaji wa mieleka.

Vijana wa Kadutu na Bagira wanaofanya sport asubuhi mapema wangepaswa kumujua mutu huyu. Si juu ya mikanda aliyopata. Ni juu ya ginsi mwili wake ulijengwa: bila mashine, bila sale ya kulipia, bila chupa ya dawa ya kuongeza misuli. Na ni juu pia ya ginsi mwili huo ulichoka kisha.

Jina lake la kuzaliwa ni Ghulam Muhammad. Wengi wanaandika kwamba alizaliwa tarehe 22 Mei 1878, upande wa Amritsar, katika jimbo la Punjab, wakati Uhindi yote ilikuwa chini ya Waingereza. Familia yake ilikuwa ya Waislamu wenye asili ya Kashmir, na mieleka ilikuwa kazi ya ukoo, sawa vile kwingine ufundi wa chuma unapita kwa baba na kufikia mutoto. Baba yake, Aziz Baksh, alikuwa mupiganaji mwenye jina. Akafa wakati mutoto alikuwa na miaka kama 6. Babu yake upande wa mama, Nun, naye mupiganaji, akamuchukua. Babu naye akafa. Akabakia mjomba, Ida. Huyo njo alimuingiza mutoto katika uwanja wa udongo.

Uwanja huo, kwa Kihindi, unaitwa akhara. Musifikirie ulingo wa kamba kama ule wa catch ya televisheni. Akhara ni shimo ya chini yenye udongo laini, mara nyingi karibu na kisima na kivuli cha mti. Udongo wenyewe unatunzwa kama shamba: mawe yanatolewa, na unachanganywa na mafuta, maziwa yaliyoganda, manjano ya kupikia, na vitu vingine ambavyo kila mwalimu anapenda kwa njia yake. Mbele mieleka kuanza, wanafunzi wanachukua jembe na kulima shimo yote, kisha wanaisawazisha kwa kuvuta ubao muzito ambao mwenzao amesimama juu yake. Kulima huko si kazi ya kutayarisha mazoezi. Ni mazoezi yenyewe. Mama yeyote wa Walungu ao wa Kabare aliyelima toka saa kumi na mbili ya asubuhi anajua ginsi jembe linaamusha mugongo, mabega na mapaja kwa mara moja. Tofauti ni kwamba mama hakuna mutu aliyemuambia kwamba anafanya sport.

Kisha jembe, mazoezi mawili yanabeba nyumba yote. Moja inaitwa dand. Inafanana na pompe, lakini mwili hautulii kama ubao: mutu anaanza akiwa ameinua matako juu, mikono na miguu chini, halafu anateremusha kifua karibu na udongo, anakipitisha mbele, na kukiinua kama nyoka anayeinua kichwa, kisha anarudi nyuma. Mabega, kifua, tumbo na mugongo vinatumika pamoja, na mugongo unanyooka kila mara. Lingine ni baithak: kuchutama mpaka chini na kuinuka, kisigino kikinyanyuka, mikono ikipepea kusaidia mwendo, haraka na kwa mpango mumoja wa pumzi. Hakuna kitu cha kununua. Mutu anaweza kuvifanya vyote viwili katika chumba cha meta mbili, huko Panzi ao Nguba.

Tena kuko vitu vya kubeba: rungu nzito yenye kichwa cha jiwe ambayo inazungushwa nyuma ya mabega, magogo mawili ya mbao ya kuzungusha mukono kwa mukono, na gurudumu la jiwe lenye tundu katikati, ambalo mupiganaji anavaa shingoni wakati wa kuchutama. Gurudumu ambalo linasemwa kuwa la Gama lingaliko katika nyumba ya makumbusho ya chuo cha sport huko Patiala, upande wa Uhindi. Uzito wake ni kilo 95. Kuhusu lile jiwe lingine la Baroda, ambalo watu wanasema alilinyanyua wakati alikuwa kijana na kwamba lina kilo 1.200, afazali kupunguza. Kulisukuma ao kuliinua upande mumoja, pengine. Kilo 1.200 ni gari ndogo.

Mwaka wa 1888, mufalme wa Jodhpur aliita watu wa nguvu wa Uhindi yote kwa mashindano, na moja kati ya majaribu ilikuwa kuchutama na kuinuka mpaka mutu achoke. Inasemwa walikuja zaidi ya 400. Walikuwa wakianguka mumoja kwa mumoja, na wakati walibakia 15 tu, kati yao alikuwa bado mutoto wa miaka 10. Mufalme akasimamisha mambo na kumutangaza huyo mutoto kuwa mushindi, juu ya umri wake. Wanasimulia kwamba kisha hapo Gama alilala kitandani siku nyingi akiuguza miguu. Sehemu hii ya habari wapenda-Gama wanaipita haraka, lakini ni ya lazima: hata mwili ule ulikuwa na mupaka, na mutoto alilipia.

Kuhusu hesabu ya kila siku alipokuwa mukubwa, inayosimuliwa ni baithak 5.000 na dand 3.000, pamoja na kupigana na wenzake kama 40 katika shimo. Hakuna mutu aliyesimama pale na kalamu akihesabu, na hesabu za mashujaa zinaongezeka kila mara zikisimuliwa. Lakini hata ukikata nusu, inabakia kazi ya masaa mengi. Bruce Lee, ambaye kila kijana aliyepita katika vyumba vya video anamujua, alisoma habari za mazoezi ya Gama katika magazeti na kuyatia ndani ya mazoezi yake mwenyewe. Hakuchukua 5.000. Alichukua mwendo wa mwili, na njo akili hiyo. Kijana anayeanza leo na 5.000 kesho atakuwa kwa daktari wa magoti. Gama alianza mutoto, akaongeza kidogo kidogo kwa miaka, na wazee walikuwa wakimutazama.

Sasa kunakuja jambo ambalo picha za Gama hazionyeshe: sahani.

Kisha Jodhpur, mufalme wa Datia alimuchukua Gama katika nyumba yake na kumulisha. Katika Uhindi ya wakati ule, wafalme wadogo walikuwa wakiweka wapiganaji kama wengine wanavyoweka farasi, kwa heshima ya jina lao. Mupiganaji alipewa maziwa kwa lita, samli, ni kusema mafuta yanayotolewa katika maziwa, na amande zilizosagwa na kuchanganywa na maziwa, nyama pia kwa wale wasiokatazwa na dini, na supu ya mifupa. Alilala mapema na kuamuka usiku ungalipo. Alilala tena muchana. Kisha mazoezi wanafunzi walikuwa wakikandana mwili kwa mafuta, mudogo kwa mukubwa na mukubwa kwa mudogo, na mwalimu alikuwa akiangalia nani amechoka na nani anajifanya. Pombe, tumbako na kuzurura usiku vilikatazwa. Ukiweka yote katika mizani, nusu ya mazoezi ya akhara ilikuwa kula, kulala, na mikono ya wengine.

Katika Bukavu, kuko wamama wanaobeba mizigo mizito mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, wakipanda na kushuka milima ya muji kila siku. Ukiwapima kwa kilo, wengine kati yao hawako mbali na jiwe la Patiala. Lakini mwili wao haujengeki, unaisha. Uzito unaweza kuwa ule ule, mulima ule ule, moyo wa kuvumilia pengine ni mukubwa zaidi. Kinachokosekana ni maziwa ya asubuhi, usingizi wa muchana, na mutu wa kusema leo inatosha. Kwa hiyo wale wanaosema watu wetu hawahitaji sport juu wanafanya kazi nguvu, wanachanganya vitu viwili. Mazoezi ya Gama yalikuwa kazi ambayo inarudisha. Ya mama mubebaji inachukua tu.

Akiwa na miaka 17, Gama alisimama mbele ya Rahim Baksh Sultaniwala, bingwa wa Uhindi. Rahim alikuwa na urefu unaopita meta 2. Gama alikuwa na meta 1 na sentimeta 70 hivi, kijana wa kawaida ukimukuta njiani. Watu walitazamia kitu cha dakika chache. Walipigana kwa masaa na hakuna aliyemulalisha mwenzake. Toka siku ile jina la Gama lilitembea lenyewe. Kisha miaka, akiwashinda wengine wote, alibakia na deni moja tu, ile ya Rahim.

Mbele ya kuilipa, alienda Ulaya. Mwaka wa 1910 tajiri mumoja wa Bengal alilipa safari, na Gama na mudogo wake Imam Baksh wakafika London kwa mashindano makubwa. Ikumbukwe ni wakati gani: Kongo yetu ilikuwa na miaka miwili tu katika mikono ya Belgiji, na Uhindi ilikuwa chini ya mufalme wa Waingereza kwa zaidi ya miaka 50. Mutu mweusi ao Muhindi kuja kumuweka muzungu chini mbele ya watu wengi katika muji wa mufalme, hilo halikuwa sport tu, na wote walijua.

Walimutazama, wakamupima, wakasema ni mufupi, hawezi kuingia. Gama hakurudi nyumbani. Alitangaza kupitia mutu aliyemuongoza kwamba atawalalisha wapiganaji watatu wowote, wa uzito wowote, katika dakika 30. Watu wakafikiri ni maneno ya kuuza tikiti. Wa kwanza aliyekubali alikuwa Benjamin Roller, Mumarekani, daktari kwa kazi. Gama alimuweka chini kwa dakika 1 na sekonde 40, kisha mara ya pili kwa dakika 9 na sekonde 10. Kesho yake, inasemwa, aliwashinda wengine 12. Mulango ukafunguka.

Tarehe 10 Septemba 1910 alipigana na Stanislaus Zbyszko, Mupolandi, kati ya watu walioogopwa zaidi duniani, ambaye alimupita Gama uzito kwa kilo kama 20. Zawadi ilikuwa pauni 250 na mukanda. Na pambano lenyewe? Lilikuwa baya kutazama. Zbyszko alisikia nguvu ya Gama katika dakika za kwanza, kisha akalala kifudifudi na kukatala kuamuka, akishikamana na mukeka kama mutu anayeshika mulango wa nyumba yake. Masaa 2 na dakika 35. Gama alivuta, akageuza, akazunguka, na hakuweza kumupindua. Magazeti yalimucheka Mupolandi, lakini kuko pia somo kwa upande wa Gama: katika shimo ya nyumbani watu walikuja kupigana, na huyu hakuja kupigana. Mazoezi yalimupa pumzi ya masaa mawili na nusu. Hayakumupa ufunguo wa mutu anayekatala tu. Waamuzi wakasema hakuna mushindi, warudie kisha juma moja. Tarehe 17 Septemba Gama alifika. Zbyszko hakufika. Mukanda ukaenda Uhindi.

Aliporudi alipambana tena na Rahim Baksh, katika muji wa Allahabad, na mara hii Gama njo alishinda kisha pambano refu. Akapewa jina la Rustam wa Uhindi, Rustam akiwa shujaa wa masimulizi ya zamani ya Waajemi. Rahim mwenyewe, hata katika uzee wa Gama, alibakia ndiye mutu ambaye Gama alikuwa akimutaja alipoulizwa nani alimusumbua zaidi.

Miaka 17 ilipita. Katika Januari 1928 mufalme wa Patiala, ambaye sasa ndiye aliyekuwa akimulisha Gama, alimuita Zbyszko kuja Uhindi kumaliza maneno. Uwanja ulijengwa, watu walikuja kwa maelfu na maelfu. Gama alikuwa na miaka karibu 50, Mupolandi karibu hivyo pia. Yale yaliyokosekana London kwa masaa mawili na nusu yalifanyika pale mbele ya dakika moja kuisha. Zbyszko alikuwa mgongo chini, na wengi waliokuwa nyuma hawakuona kitu.

Mutu wa miaka 50 kuwa hivyo, hiyo pekee ingetosha kufanya vijana wafikiri. Lakini kwa mukaaji wa mashariki ya Kongo, pengine mwaka mukubwa zaidi katika maisha ya Gama haukuwa wa mashindano.

Mwaka wa 1947 Waingereza waliondoka, na Punjab ikakatwa vipande viwili: upande mumoja Pakistani, upande mwingine Uhindi. Majirani waliokula pamoja kwa vizazi walianza kuuana, Waislamu na Wahindu na Masikh. Waliokufa ni mamia ya maelfu, wengine wanahesabu mpaka milioni. Waliokimbia ni zaidi ya milioni 10. Gama na ukoo wake wakajikuta Lahore, upande wa Pakistani, katika mutaa wa Mohni Road ambako kulikuwa Wahindu wengi. Familia yake na watu wa mutaa wanasimulia hivi: kundi la watu wenye hasira lilikuja kutafuta Wahindu wa kuua. Gama, Muislamu kama wao, na wapiganaji wa ukoo wake, walisimama mbele ya njia. Kiongozi wa kundi alipojaribu kusogea, muzee wa karibu miaka 70 alimupiga kofi moja, na kundi likarudi nyuma. Hakuna Muhindu wa mutaa ule aliyeuawa siku ile. Wakati ilionekana hawawezi kubakia tena, Gama alilipa chakula cha safari kwa pesa yake na kuwasindikiza mpaka kwenye mupaka.

Nguvu yake ilikuwa inatumiwa na wafalme kwa miaka 50 ili wafurahi siku ya sikukuu. Siku ile hakuna mufalme aliyemutuma.

Na wafalme wenyewe walikuwa wanaisha. Katika inchi mpya mbili hawakuwa tena na hazina ya kulisha wapiganaji. Ile sahani ya maziwa, samli na amande ikaondoka karibu kwa mara moja. Wana wake 5 wa kiume walikuwa wamekwisha kufa wote wakiwa wadogo, kwa hiyo hakukuwa na mutoto wa kumushika mukono. Jina la mieleka liliendelea kwa watoto wa mudogo wake Imam Baksh, kama Bholu, ambaye alikuwa bingwa wa Pakistani. Mwili uliozoea kupokea kingi sana ulianza kudai, na hakukuwa cha kuupa. Magonjwa yakaja, dawa zilikuwa bei, na mutu ambaye London ilishindwa kumuweka chini alikuwa akihesabu pesa ya daktari. Serikali ya Pakistani ilimusaidia. Aliyemutumia pesa kila mwezi tena ni tajiri Muhindu wa ngambo ya mupaka, G. D. Birla, mupenda mieleka.

Gama alikufa Lahore tarehe 23 Mei 1960, juma chache mbele ya Kongo kupata uhuru wake. Alizikwa katika muji ule. Gurudumu la kilo 95 lilibakia Patiala, upande mwingine, ambako mutu wa Lahore anahitaji viza ili kuliona.